Je, wajua kwa nini mchago wa kitanda hupasuka hata mbao zikiwa nzuri?

Anayejitengenezea kitanda katika karakana ya nyumbani huko Mbeya, Njombe au Mafinga ana bahati ya kuwa karibu na mbao za paina za Sao Hill, shamba la miti lililoko Mufindi mkoani Iringa, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali. Hata hivyo, mchago, yaani ile sehemu ya mbao iliyosimama upande wa kichwani, ukiunganishwa mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, unaweza kuonyesha ufa ifikapo Septemba, na lawama humwangukia muuza mbao. Naamini kwamba mara nyingi lawama hiyo si ya haki, kwa sababu chanzo cha ufa ni namna mbao zilivyofungwa.

Maji yaliyomo katika uwazi wa seli za mti hutoka kwanza bila kubadili ukubwa wa ubao. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, kuta za seli zenyewe huanza kupoteza maji na kusinyaa, lakini si kwa kiasi kimoja pande zote. Kwa urefu, kufuata nyuzi, ubao karibu haubadiliki, ilhali kwa upana husinyaa sana, hasa pale upana unapofuata mzunguko wa pete za ukuaji, ambako kusinyaa hukaribia mara mbili ya kule kwa kuelekea kiini. Hata ubao uliokwisha kukauka huendelea kufyonza unyevu wa hewa wakati wa mvua na kuutoa wakati wa kiangazi, miaka yote ya maisha yake.

Tuchukue mchago ambao mbao zake zimelazwa na kugundishwa hadi kufikia kimo cha sentimita 60. Unyevu wake ukipungua kwa asilimia 4 tu, kimo hicho kinaweza kupungua milimita 3 hadi 6. Miguu ya kitanda, ambayo nyuzi zake zimesimama wima, haifupiki pamoja nao. Ikiwa mbao zimegundishwa miguuni kwa kimo chote, au zimepigiliwa misumari kwenye fito mbili zilizosimamishwa nyuma, basi zinataka kusinyaa na zimezuiwa. Na kwa kuwa mti ni dhaifu sana unapovutwa kukatisha nyuzi, hupasuka.

Mafundi wa siku nyingi hulitatua jambo hili kwa fremu. Miguu na mihimili ya juu na ya chini huunganishwa kwa ulimi na tundu (ncha iliyochongwa ya ubao mmoja huingia katika tundu la mwingine) na kutiwa gundi, kisha paneli, yaani zile mbao zilizogundishwa pamoja, huingia katika mfereji wa milimita 10 hivi uliochimbwa kuizunguka fremu kwa ndani, bila gundi. Anayeunganisha wakati wa kiangazi aache nafasi ya milimita 3 juu na chini ndani ya mfereji, maana paneli itavimba mvua zikirudi. Asiyetaka fremu anaweza kutumia fito za nyuma, mradi afunge kwa skrubu badala ya misumari: tundu la katikati ya kila ufito liwe la kawaida, na mengine yatanuliwe kwa kufuata ufito ili skrubu ziweze kusogea.

Kabla ya yote hayo, mbao zipangwe ndani ya nyumba kwa wiki kadhaa, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Njia rahisi ya kujua kama zimetulia ni kupima kipande kimoja kwenye mizani kila baada ya siku chache, mpaka uzito uache kupungua.

Wakati wa kumalizia, msasa upigwe kwa kufuata nyuzi, kuanzia namba 80, kisha 120, hadi 180. Paneli ipakwe rangi ya mbao kabla ya kuingizwa kwenye fremu, la sivyo kiangazi kitafichua mstari mweupe kando ya mfereji. Vanishi haizuii unyevu, bali huupunguzia kasi, na ndiyo maana sipendi kuona upande unaoelekea ukutani ukiachwa mtupu: upande huo hupokea na kutoa unyevu haraka kuliko ule wa mbele, na paneli hupinda. Nyuma kupewe tabaka sawa na za mbele.