Hukumu ya Dodoma na uzito wa maandamano

Haki ya Mtanzania kuandamana bila kuomba kibali cha polisi haikupatikana barabarani. Ilipatikana mahakamani, hapa Dodoma, mwaka 1994, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alipoamua kesi ambayo Mchungaji Christopher Mtikila alikuwa ameifungua mwaka 1993 dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Jaji alisema kwamba sharti la kibali linaigeuza haki ya kikatiba kuwa hisani ya ofisa, na kwamba mwananchi anapaswa kutoa taarifa tu. Sheria ikabadilishwa: leo mwandaaji hupeleka taarifa polisi saa 48 kabla. Hata hivyo polisi walibakiziwa uwezo wa kuzuia kusanyiko wanapoona amani iko hatarini, na kwa njia hiyo sehemu kubwa ya kile kilichotolewa na hukumu imekuwa ikirudi mikononi mwao.

Naianza mada hii na kesi hiyo kwa sababu wanafunzi ninaowafundisha siasa huniuliza iwapo maandamano huleta mabadiliko, kana kwamba jibu ni ndiyo au hapana. Hukumu ile ile ilimruhusu pia mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama, lakini mwaka huo huo Bunge likapitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, na mlango ukafungwa tena. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilimpa Mtikila ushindi katika suala hilo. Bado mgombea ni lazima atokane na chama. Mtu mmoja mwenye hoja nzuri anaweza kuishinda serikali mahakamani, lakini ushindi usio na watu wengi nyuma yake hauigharimu serikali kitu kuupuuza.

Gharama hiyo ndiyo kazi halisi ya maandamano, na sijui mfano unaoionyesha vizuri zaidi kuliko sisi na jirani zetu wa Kenya. Tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, Wakenya walikwenda uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi ingawa mkutano ulikuwa umepigwa marufuku na viongozi wake, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walikwishawekwa kizuizini. Watu waliuawa. Mwezi Novemba 1991 wafadhili wakasitisha misaada mipya, na Desemba kifungu cha 2A cha katiba yao, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kikafutwa. Kwetu mambo yalikwenda kwa utulivu. Tume ya Jaji Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama, ilizunguka nchi nzima, ikakuta kwamba takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na tarehe 1 Julai 1992 mfumo mpya ukaanza.

Kwa hiyo nchi mbili zilifika mahali pamoja katika muda usiotofautiana sana, moja kwa damu na nyingine kwa tume, na msomaji anaweza kusema kwamba basi maandamano hayakuwa na ulazima. Sikubaliani naye. Kilichotofautiana ni nani aliyejiona mmiliki wa mabadiliko. Wakenya walioingia mitaani mwaka 1990 waliendelea kudai katiba mpya kwa miaka 20, kupitia makanisa, vyama vya wanasheria na mitaa yenyewe, hadi ilipotangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Kwetu mageuzi yalitoka juu, na kilichotolewa kutoka juu kimekuwa rahisi kupunguzwa kutoka huko huko.

Umiliki peke yake nao hautoshi. Dai lazima liweze kuandikwa kama sheria yenye mtekelezaji. Watu weusi walioandamana Selma, Marekani, Machi 1965, walidai kuandikishwa kupiga kura, na sheria iliyotiwa saini tarehe 6 Agosti mwaka huo iliruhusu serikali kuu kupeleka maofisa wake kuwaandikisha pale ambapo wenyeji walikataa. Ndiyo maana ilifanya kazi. Ilipofika mwaka 2013, Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta kanuni iliyotumiwa kuamua ni majimbo yapi yasimamiwe, na mzozo ukafufuka.

Sudan inanihuzunisha kuliko mifano yote. Maandamano yaliyochochewa na bei ya mkate mwezi Desemba 2018 yalimng'oa Omar al-Bashir tarehe 11 Aprili 2019. Waandamanaji walikuwa na nidhamu, walikuwa na kamati za mitaa, na mwezi Agosti waliwekeana na jeshi hati ya kikatiba ya mpito. Bunduki, hata hivyo, zilibaki kwa majenerali wale wale. Oktoba 2021 walipindua serikali, na Aprili 2023 wakageukiana wao kwa wao. Hapo siwalaumu waandamanaji: hakuna wingi wa watu unaoweza, peke yake, kuligeuza jeshi lenye biashara zake kuwa mtumishi wa raia.

Nikirudi nyumbani, ukumbi ninaoufikiria ni ule wa Bunge hapa Dodoma, ambamo Bunge Maalumu la Katiba lilikaa mwaka 2014. Tume ya Jaji Warioba ilikuwa imekusanya maoni ya wananchi na kuandika rasimu ya katiba yenye Muungano wa serikali tatu. Wajumbe wakaibadilisha kuwa mbili, sehemu ya wapinzani wakatoka nje, na tarehe 2 Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa. Kura ya maoni ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haijafanyika hadi leo. Mengi ya yale ambayo waandamanaji wa nchi nyingine hukosa, sisi tulikuwa nayo: tume, rasimu, ukumbi na tarehe. Tarehe hiyo ilipopita, hatukuwa na umma uliokwisha kujipanga ambao ungeifanya serikali ione kwamba kuahirisha kuna gharama kubwa kuliko kupiga kura.