Umeme jua wa kuendesha kompyuta nyumbani: kalamu na karatasi kabla ya paneli

Malipo ya korosho yakianza kuingia, kati ya Oktoba na Desemba, ndipo kaya nyingi za Mtwara na Lindi hupata nafasi ya kununua sola. Siku hizi shabaha si taa na redio tu. Kuna mwanafunzi anayesoma kwa mtandao, mwalimu anayeandaa mitihani, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) anayeingiza kilo za wakulima, na mwenye steshenari ambaye umeme ukikatika kazi yake imesimama. Fedha hiyo huja mara moja kwa mwaka. Mfumo ulionunuliwa kwa kukisia unaweza kuiteketeza yote ndani ya msimu mmoja wa mvua, na inauma zaidi kwa kuwa hesabu ya dakika kumi ingeiokoa.

Kosa la kwanza hutokea dukani. Mtu anauliza bei ya paneli ya wati 200 kabla hajajua kompyuta yake inakula kiasi gani kwa siku. Kipimo cha ulaji ni wati-saa: wati za kifaa zizidishe kwa saa unazokitumia. Wati-saa 1,000 ndiyo ile uniti moja unayonunua kwa LUKU.

Chaja ya kompyuta mpakato huandikwa wati 45 au 65, lakini hicho ni kiwango cha juu. Ukiandika, ukisoma au ukijaza majedwali, mpakato nyingi hutumia wati 20 hadi 40. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hutumia wati 100 hadi 150 kwa kazi ileile. Kwa saa 6 za kazi, mpakato wa wati 30 unakula wati-saa 180. Ya mezani ya wati 120 inakula 720. Ni mara nne, maana yake paneli mara nne na betri mara nne. Ndiyo maana ushauri wetu kwa anayeanza ni kuuza au kuacha kompyuta ya mezani na kutafuta mpakato, hata uliotumika. Tofauti ya bei ya mashine hizo mbili ni ndogo kuliko gharama ya betri za kuilisha ya mezani.

Chukua mfano wa nyumba moja: mpakato wati-saa 180, ruta ya wati 8 kwa saa 10, wati-saa 80, simu mbili, 30, taa mbili za wati 5 kwa saa 5, wati-saa 50. Jumla 340. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, hupoteza sehemu ya umeme inapoubadilisha, kwa hiyo ongeza asilimia 15 na upate karibu 400. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau: inveta ikiwa imewashwa tu, bila kifaa chochote, hula yenyewe wati 6 hadi 15. Iache ikiwaka saa 10 kwa wati 10 na imekwisha kula wati-saa 100, zaidi ya ruta yako. Mahitaji ya siku sasa ni wati-saa 500.

Jua letu liko juu ya upeo saa 12 hivi, lakini nguvu yake yote ya siku ikikusanywa ni sawa na takriban saa 5 za jua la utosini kwa wastani wa mwaka. Miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, inashuka. Hesabia saa 4. Kisha punguza asilimia 30 kwa ajili ya joto, vumbi, waya na kuchaji betri. Paneli hupimwa kiwandani seli zikiwa na nyuzi joto 25, wakati juu ya bati la Nachingwea mchana seli zinafika nyuzi 60 bila shida, na joto hilo peke yake linaondoa zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo kila wati moja ya paneli inakupa wati-saa 2.8 kwa siku. Gawa 500 kwa 2.8: ni karibu 179. Nunua ya wati 200.

Ukiweza kuikwepa inveta, ikwepe. Mipakato mingi ya sasa huchajiwa kwa tundu la USB-C, na zipo chaja za kwenye gari zenye kutoa wati 65 moja kwa moja kutoka volti 12. Ruta nyingi nazo zinatumia volti 12. Bila inveta, nyumba ileile inahitaji wati-saa 375 hivi, na paneli ya wati 150 inatosha.

Betri ndiyo inayokufa kwanza

Kwa mahitaji ya wati-saa 500, weka akiba ya siku mbili, kwa sababu mawingu ya Februari na Machi hayaondoki kwa siku moja. Betri ya lithiamu (tafuta iliyoandikwa LiFePO4) ya volti 12.8 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,280, nawe unaweza kutumia asilimia 80, yaani 1,024. Imetosha. Betri ya risasi, hata ya jeli, isishushwe chini ya nusu. Kwa akiba ileile utahitaji ampea-saa 200. Ukizingatia kwamba ya risasi itabadilishwa mapema zaidi, ya lithiamu ndiyo rahisi kwa miaka, ingawa siku ya kununua inaonekana ghali.

Betri ya gari si mbadala. Imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe mara moja. Ukiishusha kila usiku, sahani zake nyembamba zinaharibika ndani ya miezi.

Sababu ya betri nyingi za risasi kufa ni hii. Paneli ni ndogo kuliko matumizi, betri haijai hata siku moja kwa wiki, na salfeti inaganda kwenye sahani mpaka haiyeyuki tena. Mfumo unafanya kazi vizuri Oktoba na Novemba, jua likiwa kali, halafu Februari unazimika saa 2 usiku. Mwenye nyumba analaumu mvua. Mvua imefichua tu upungufu uliokuwapo tangu siku ya kwanza.

Inveta nayo inachangia. Nyingi hujizima betri ikifika volti 10.5, na betri ya risasi iliyofika hapo imekaushwa kabisa. Chagua inveta unayoweza kuipanga ijizime kwenye volti 11.8 hadi 12, au funga kikata-umeme cha pembeni kinachofanya hivyo. Usiiunganishe kwenye matundu yenye alama ya taa ya kontrola, kifaa kinachosimamia uchajiji wa betri kutoka kwenye paneli. Mkupuo wake wa kuwaka utayaunguza. Iende kwenye betri moja kwa moja, kupitia fyuzi.

Betri ya risasi iliyopumzishwa saa kadhaa, ukiipima, volti 12.7 ni imejaa na 12.2 ni nusu. Kwa lithiamu kipimo hicho hakisaidii sana, kwa kuwa volti zake hazibadiliki sana mpaka inapokaribia kuisha. Iwe ya aina gani, iweke mahali penye kivuli na hewa, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa karibu nusu. Tena hutoa haidrojeni inapochajiwa, gesi inayolipuka, kwa hiyo chini ya kitanda si mahali pake.

Kontrola, waya na fyuzi

Siku hizi paneli kubwa za wati 400 zinauzwa kwa bei nzuri, na watu wanazifunga kwenye kontrola za bei ndogo za PWM na betri ya volti 12. Paneli hiyo hutoa karibu ampea 13 kwa volti 31. Kontrola ya PWM haiwezi kuzigeuza volti za ziada. Inaishusha paneli mpaka volti za betri. Ampea 13 kwa volti 13 ni wati 169. Zaidi ya nusu ya paneli uliyolipia inapotea. Paneli kubwa ifungwe na kontrola ya MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Ya PWM iende na paneli ya seli 36, ile yenye volti 18 hadi 20. Kwa paneli yetu ya wati 200, kontrola ya ampea 20 inatosha. Ukiifunga, ipange kwa aina ya betri uliyonayo: lithiamu ikome kwenye volti 14.2 hadi 14.4, na hatua ya kusawazisha, ambayo ni ya betri za risasi, izimwe.

Waya mwembamba ni adui asiyeonekana. Chaja ya wati 65 huvuta ampea 6 hivi kwenye volti 12. Ukiitolea umeme mita 10 kutoka kwenye betri kwa waya wa milimita za mraba 1.5, volti 1.4 zinabaki njiani, chaja inapata 11.4, na mpakato unaacha kuchaji ilhali betri ya nyumba bado ina umeme wa kutosha. Tumia milimita 6, au sogeza meza ya kazi karibu na betri. Kutoka kwenye paneli kuja kwenye kontrola tumia milimita 6 pia. Kutoka kwenye betri kwenda kwenye inveta ya wati 500, ambayo huvuta hadi ampea 46, tumia milimita 16, usizidi mita moja, na fyuzi ya ampea 60 ikae karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Bila fyuzi hiyo, waya ukigusana hauzimiki, unawaka.

Mpangilio wa kuunganisha una sababu. Betri ifungwe kwenye kontrola kwanza ili itambue volti, kisha paneli, mwisho vifaa. Wakati wa kufungua, paneli itoke kwanza. Kontrola ikipata paneli bila betri inaweza kuungua papo hapo.

Nyumba yenye TANESCO isichanganye umeme huo na wa inveta kwenye waya mmoja. Kiwepo swichi cha kubadilishia, kifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Umeme unaorudi kwenye nguzo unaweza kumuua fundi anayeamini laini imezimwa.

Mwenye steshenari ajue jambo moja kuhusu printa. Ya leza huvuta wati 500 hadi 1,000 kila inapopasha moto, hata kama ukurasa ni mmoja, na inveta ya wati 500 itazima pamoja na kompyuta. Printa ya wino wa tangi hutumia wati 10 hadi 20. Mashine ya fotokopi iache kwenye TANESCO au jenereta. Inveta yenyewe iwe ya mawimbi laini kama ya gridi. Zile za mawimbi ya mraba huzipasha moto chaja na kuzifupishia maisha.

Juu ya paa

Vitabu na video nyingi zimetengenezwa kaskazini mwa dunia na hufundisha paneli itazame kusini. Sisi tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta: paneli itazame kaskazini, kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Kwa paneli ya urefu wa mita moja, ncha ya juu iwe sentimita 17 hadi 26 juu ya ya chini. Kuanzia karibu Oktoba 20 hadi Februari 20 jua la mchana hupita kusini mwetu, lakini kwa mwinamo mdogo hivyo hasara si ya kuhangaikia. Usilaze paneli kabisa. Maji na vumbi vitatuama.

Kivuli ni tatizo kubwa zaidi. Seli zimeunganishwa kwa mfuatano, hivyo tawi la mkorosho likifunika kipande kidogo linaweza kuondoa theluthi ya umeme au zaidi. Angalia paa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri kabla ya kutoboa tundu. Chini ya mnazi usifunge kabisa, nazi moja inavunja kioo. Acha sentimita 10 hadi 15 kati ya bati na paneli hewa ipite, na boliti ziingie kwenye papi, si kwenye bati peke yake. Pwani yetu imeonja vimbunga, Kenneth mwaka 2019 na Hidaya mwaka 2024. Nyumba ya makuti itumie nguzo au fremu ya pembeni. Kilwa Masoko, Mikindani na Msimbati, ambako hewa ina chumvi, tumia boliti za chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kikigusana na fremu ya alumini vinalika.

Upuliziaji wa salfa kwenye mikorosho huacha unga wa njano juu ya paneli, nayo salfa huifanya shaba kuwa nyeusi kwenye maungio. Siku ya kupulizia funga madirisha ya chumba chenye kompyuta, na maungio yote ya waya yawe ndani ya boksi lililofungwa. Uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya shida, pangusa paneli alfajiri kwa kitambaa laini ukitumia umande wenyewe. Usimwage maji baridi mchana kioo kikiwa cha moto, wala usitumie mchanga au stilwaya.

Kabla ya kulipa, pima ukubwa. Paneli nzuri za sasa hutoa karibu wati 200 kwa mita moja ya mraba. Paneli ya mita 1 kwa nusu mita iliyoandikwa 200 ni ya 100. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina uzito wa karibu kilo 30. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja bila taabu, iache dukani. Ya lithiamu ni nyepesi kwa asili yake, kilo 10 hadi 13.

Matumizi ya kila siku yafuate jua. Kazi nzito ifanyike kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, na mpakato uwe umejaa ifikapo saa 10. Betri iliyo ndani yake, mara nyingi wati-saa 40 hadi 60, inaendesha saa moja na nusu hadi mbili za usiku bila kugusa akiba ya nyumba. Betri kubwa ya lithiamu ikizima ghafla na mita ikasoma sifuri, usiitupe: mara nyingi kinga yake ya ndani imejikata kwa kushushwa mno. Zima vifaa vyote na uichaji kwa chaja ya lithiamu yenye uwezo wa kuiamsha, kwa sababu kontrola isiyoona volti za betri haitaanza kuchaji.