Mlezi wa kambi anasali saa ngapi?

Swali hili huulizwa kila mwaka kwenye mafunzo ya walezi, yaani vijana wanaowatunza watoto kwenye kambi ya Biblia, na karibu kila mara kijana huliuliza kwa sauti ya chini, wenzake wakiwa wameshatoka nje. Kijana ameisoma ratiba: kengele saa 12 asubuhi, usafi wa bweni, ibada, kifungua kinywa, somo la Biblia, michezo, vyombo, somo la pili, moto wa jioni, kulaza watoto. Amehesabu, ameona hamna nafasi yake. "Sasa mimi nitasali saa ngapi?"

Zamani nilikuwa namjibu: amka mapema zaidi. Yesu mwenyewe aliamka kungali giza akaenda mahali pasipokuwa na watu, Marko 1:35. Jibu zuri, lina hata mstari wake, na liliniharibia kambi nzima. Mwaka huo nilipanga walezi wakutane kwa maombi saa 11 alfajiri, ilhali usiku hawakuwa wakilala kabla ya saa 6. Siku ya nne, kijana mmoja mpole kuliko wote alimfokea mtoto wa miaka 9 kwa sababu ya mswaki uliopotea. Mtoto akalia. Mlezi naye akaenda kulia nyuma ya jiko. Nilipomfuata akaniambia, "Kaka, nadhani mimi sijaokoka kweli."

Alikuwa ameokoka vizuri tu. Alikuwa na usingizi.

Tangu hapo mafunzo yangu yanaanzia 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametoka kwenye ushindi wa Karmeli dhidi ya manabii wa Baali, sasa yuko chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Malaika hamkemei, wala hamwulizi habari za maombi yake. Anamwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na kunywa maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, anamlisha tena. Mazungumzo na Mungu yanakuja baadaye kabisa, kule mlima Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Vijana wengi wanaijua ile sauti ndogo ya utulivu aliyoisikia Eliya huko. Wachache wanakumbuka kwamba kabla yake kulikuwa na milo miwili na usingizi. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ya kiroho kambini ni saa 7 za kulala, na anayeketi kupiga soga za usiku wa manane namfukuza akalale bila haya yoyote.

Lakini usingizi haulijibu swali lote. Jibu lenyewe nalipata Marko 6. Mitume wamerudi kutoka kazini, wana habari tele za kusimulia, na watu wanakuja na kwenda hata nafasi ya kula haipo. Yesu anawaambia twendeni faraghani mkapumzike kidogo. Wanapanda mashua. Sasa angalia kinachotokea: umati unakimbia kwa miguu kuzunguka ufuko na kuwatangulia. Wanaposhuka, watu wameshajaa. Mapumziko yameishia hapo. Siku inamalizika kwa kulisha wanaume 5,000, na ni mitume hao hao waliochoka wanaogawa mikate.

Yaani faragha waliyoipata ilikuwa ya urefu wa safari ya mashua.

Hilo ndilo ninalowaambia walezi. Kambini hutapata saa nzima ya utulivu, utapata mashua. Njia ya kutoka bwenini hadi bombani. Dakika unazosubiri maji yachemke. Zamu ya vyombo, kama mwenzako si msemaji. Mlezi mmoja alichagua usafi wa vyoo kila asubuhi kwa hiari yake, nikamsifu kwa unyenyekevu. Akacheka. Alisema ni mahali pekee kambini ambapo hakuna mtu anayemfuata. Alikuwa akipita huku na huko na fagio na Zaburi moja ile ile siku sita, na mpaka leo sijui kama nimewahi kukutana na mtu aliyeimeza Zaburi namna ile.

Na Biblia je? Hapa natofautiana na wenzangu wengi. Wao husema kuandaa somo la kikundi si ibada binafsi, kwamba mlezi lazima awe na fungu lake la pembeni. Kwa mwaka mzima nakubali. Kwa siku sita za kambi, nakataa. Mtu anayebeba mafungu mawili kichwani akiwa amechoka hasomi hata moja. Basi fungu utakalowafundisha watoto ndilo chakula chako, ila kwa sharti moja: kabla hujaliuliza maswali kwa ajili yao, liulize moja kwa ajili yako, na uandike jibu mstari mmoja kwenye daftari. Mstari mmoja tu. Akianza kuandika kurasa, najua kesho hataandika kitu.

Sharti hilo lina faida nyingine. Watoto wanatambua mtu anayefundisha alichokila na anayefundisha alichonakili. Katika Nehemia 8, kabla watu hawajaenda kukaa vibandani siku saba na kusomewa torati kila siku (hiyo kwangu ni kambi ya Biblia kabisa, tena wao walijijengea mahema kwa matawi), kuna orodha ya majina 13 ambayo sote huiruka tukisoma kwa sauti: Yeshua, Bani, Sherebia na wenzao. Ezra, anayewasomea torati, yuko juu ya mimbari ya mti. Hawa 13, pamoja na Walawi, ndio waliosaidia watu kuelewa kilichosomwa. Na watu walipolia, hawakuachwa walie. Waliambiwa waende wakale na wawapelekee sehemu wasioandaliwa kitu. Walezi wangu wote ninawaweka katika orodha hiyo ya watu 13, si pale mimbarini.

Nasema hivyo kwa sababu kijana akifika kambini hudhani utumishi ni kipaza sauti: kuongoza nyimbo, kutoa ushuhuda, kusimama mbele usiku wa mwisho wakati wa mwito wa kuokoka. Huo usiku wa mwisho, kwa kweli, huwa unanitia wasiwasi. Moto unawaka, watoto wamechoka, wameshaanza kulilia kuagana, na mhubiri yeyote mwenye sauti nzuri anaweza kuwainua wote. Siku hizi mwito tunautoa mchana, siku ya tatu, baada ya chakula. Wanaojitokeza ni wachache, na kila mmoja anabaki na siku kadhaa za kuuliza maswali kwa mlezi wake.

Utumishi wenyewe uko kwenye mambo ambayo hayatangazwi. Mtoto akikojoa kitandani, mlezi mwenye akili hasemi neno. Anasubiri bweni zima liende kifungua kinywa, anatoa shuka, anaanika godoro, na mtoto akirudi anakuta kitanda kimetandikwa kama vingine. Mtoto akianza kusema, "Nikikuambia utamwambia mtu?", mlezi hatoi ahadi ya siri. Anasema: nakusikiliza, na kama kuna mtu anakuumiza, nitamwambia anayeweza kukusaidia. Kisha anamwarifu msimamizi wa ulinzi wa watoto siku hiyo hiyo, bila kuanza uchunguzi wake mwenyewe. Na hakuna mlezi anayebaki peke yake na mtoto mahali palipojificha, hata kwa maombi. Vijana wengine huona kanuni hizi ni za ofisini, hazina roho ndani yake. Mimi naziona ni sehemu ya kuchunga kondoo, na asiyezikubali simpangii kikundi.

Kambi iliyopita, saa 7 usiku, mlezi mmoja wa kike aliamka akamkuta binti wa miaka 8 ameketi kitandani, begi mgongoni, viatu miguuni, kamba zimefungwa. Anasubiri kuche aende nyumbani. Mlezi akamwamsha mwenzake asimame mlangoni, kama kanuni inavyotaka, kisha akakaa sakafuni. Hakumhubiria. Hakumwambia wakubwa hawalii. Alimwuliza, "Mlango wa kwenu una rangi gani?"

"Kijani."

"Ukiufungua unalia au uko kimya?"

Unalia. Mama huwa anasema utapakwa mafuta, haupakwi. Wakaingia ndani ya nyumba ile chumba kwa chumba, kwa kunong'ona, mpaka begi likashuka mgongoni, halafu kiatu cha kulia. Cha kushoto alikataa kuvua. Mlezi akamwombea kwa sentensi moja, na binti akalala na kiatu kimoja mguuni.

Siku ya kufunga kambi huwa naomba kuona madaftari, kwa anayependa kunionyesha. La huyu dada lilikuwa na mistari sita, mmoja kwa siku. Wa siku ya tatu uliandikwa kwa kalamu iliyokuwa inaishiwa wino: "Marko 6:34, aliwahurumia. Mlango wa kijani, unalia."