Nepi za Kitambaa: Upele Mwingi Huanzia kwenye Beseni

Mtoto akiletwa kliniki wiki ya 6 kwa chanjo, huvuliwa nguo kabla ya kuwekwa kwenye mzani. Hapo ndipo tunapoyaona makalio mekundu, wakati mwingine yamechubuka hadi mapajani. Mama huuliza, "Nesi, nimpake nini?" Nami humrudishia swali: "Nepi zake unazifuaje?" Wengi hushangaa. Wengine hununa kidogo, wakidhani nawaambia ni wachafu. Sivyo kabisa. Mara nyingi mwenye tatizo hili ni yule anayefua kwa bidii kupita kiasi: sabuni nyingi, dawa ya kulainisha nguo juu yake, jiki kila siku, halafu maji ya kusuuzia yanamwishia.

Bei ya pampasi inawarudisha wazazi wengi kwenye kitambaa, na hakuna cha kuonea aibu. Mtoto mchanga hubadilishwa nepi mara 8 hadi 12 kwa siku. Hata akishakua na zikapungua hadi 6, kwa mwaka mmoja ni nepi 2,190 zinazokwenda jalalani, au vibaya zaidi kwenye shimo la choo, ambako hufura kwa maji na kulijaza kabla ya wakati. Za kitambaa, 20 hadi 24 zinatosha kama unafua kila siku, na mdogo wake atazirithi.

Usikimbilie duka la vitu vya watoto. Bibi zetu walifunga watoto winda kwa vipande vya khanga kuukuu, na walijua walichokuwa wanafanya: khanga iliyofuliwa miaka mingi imekwisha wanga wa kiwandani, imekwisha kuchuja rangi, imekuwa laini na inanyonya. Kitambaa kipya bado hakijafika huko, kwa hiyo kifue mara tatu au nne kabla mtoto hajazaliwa. Chagua pamba tupu. Taulo linanyonya sana ila linachelewa kukauka. Shuka la pamba au khanga hukauka upesi, nawe unaongeza unene kwa kukunja. Mimi hushauri kuwa na vyote viwili: taulo za usiku, vitambaa vyepesi vya mchana.

Kumfunga hakuna siri kubwa. Kunja pembetatu, upande wa mbele upite chini ya kitovu mpaka kitakapokatika na kupona, maana kitovu kinachoshinda ndani ya nepi yenye mkojo ni mlango wa maradhi. Ukitumia pini, tanguliza vidole vyako kati ya pini na ngozi ya mtoto. Ukikosea, ujichome wewe. Usibane. Miguu ya mtoto mchanga inataka kukaa kama ya chura, magoti yametanuka, na ndivyo inavyokaa akibebwa mgongoni. Kumfunga miguu imenyooka na kukazwa kama mzigo kunaweza kuvuruga kiungo cha nyonga. Chupi ya plastiki ya juu inazuia nguo zako zisilowe, ila ndani yake kunakuwa na joto na unyevu, kwa hiyo ukiitumia unabadilisha mapema zaidi. Akiwa amelala nyumbani mchana, iache.

Kitambaa kina faida moja ambayo haitajwi sana: hakifichi kitu. Pampasi hunyonya mkojo mpaka usijue mtoto amekojoa mara ngapi. Nepi ya kitambaa inakueleza. Siku mbili tatu za mwanzo utaona choo cheusi kinachonata kama lami, kisha kinageuka kijani, na kufikia siku ya 5 mtoto anayenyonya vizuri anatoa choo laini cha njano kama kiini cha yai, mara nyingine chenye punje ndogo kama ufuta. Kuanzia hapo anapaswa kulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku. Zikiwa mbili au tatu tu, maziwa hayamtoshi au hanyonyi sawasawa, na hilo halisubiri tarehe ya kliniki. Mtoto wa kike anaweza kutoa doa dogo la damu ukeni wiki ya kwanza kwa sababu ya homoni za mama yake, huisha lenyewe. Lakini ukiona choo kimepauka, cheupe kama chokaa au kijivu kama udongo wa mfinyanzi, peleka mtoto hospitali na nepi yenyewe uibebe. Huenda nyongo haifiki kwenye utumbo, na upasuaji wa tatizo hilo hufanya kazi vizuri zaidi ukifanyika ndani ya miezi 2 ya kwanza.

Sasa tuje kwenye beseni.

Kuna imani moja nisiyoweza kuipita kimya: kwamba choo cha mtoto anayenyonya si uchafu. Nimewaona watu wazima, tena waangalifu, wakisuuza nepi yenye choo kwenye karai lile lile litakalooshewa vyombo baadaye. Choo cha mtoto kina vijidudu vya kuhara kama cha mtu mzima. Hata virusi vya chanjo za matone, ya polio na ya rota, hutoka kwenye choo kwa siku kadhaa, hata wiki kadhaa, baada ya kuchanjwa. Kikwangue au ukimwage chooni, siyo uani wala mtaroni. Beseni la nepi liwe la nepi tu. Kisha nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama hakuna bomba, kibuyu chirizi kilichofungwa karibu na choo kinatosha kabisa.

Nepi iliyokwisha kutolewa choo isuuze kwa maji ya baridi kwanza. Maji ya moto yakitangulia yanapika doa, linashika. Baada ya hapo unaweza kuiloweka kwenye ndoo mpaka wakati wa kufua, ila isipite siku nzima, na ndoo iwe na mfuniko unaobana. Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa au anayeanza kusimama, tafadhali: ndoo yenye maji ya kiasi kidogo tu inaweza kumzamisha akitumbukia kichwa.

Fua kwa sabuni na maji ya moto ambayo mkono unayavumilia kwa shida. Kisha suuza. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo upele unapotengenezwa.

Ngozi ya mtoto ina tindikali kidogo, na hiyo ni kinga yake. Mkojo ukikaa na choo, vijidudu huuvunja na kutoa amonia, ile harufu inayochoma pua asubuhi. Amonia huondoa ile tindikali, na vimeng'enya vya choo, ambavyo kazi yake ilikuwa kumeng'enya chakula, vinapata nguvu ya kuila ngozi. Sabuni iliyobaki kwenye kitambaa inasukuma mambo upande ule ule wa amonia. Mtoto akikojoa, ile sabuni kavu inayeyuka upya, na unakuwa umemlaza kwenye povu usiku kucha.

Jipime hivi: chukua nepi unayodhani ni safi na kavu, itumbukize kwenye bakuli la maji masafi, ifikiche kwa nguvu. Povu likitoka, hujasuuza.

Najua jibu ninalopewa kliniki: "Nesi, maji nanunua kwa ndoo." Ni kweli, na ndiyo maana ushauri wangu si kununua ndoo nyingine. Ni kupunguza sabuni. Sabuni inatafuna maji: kadiri unavyomimina nyingi ndivyo unavyohitaji masuuzo mengi kuiondoa. Nepi za mkojo tu hazihitaji zaidi ya kipande cha mche kupitishwa mara moja kisha kufikichwa. Suuza mara tatu kwa maji kidogo kidogo, ukikamua sana kila mara. Ni bora kuliko mara moja kwa beseni lililofurika. Maji ya suuzo la mwisho yanakaribia kuwa masafi, usiyamwage, yatakuwa maji ya kwanza ya nepi za kesho.

Wanaotumia visima vya maji ya chumvi, na Dar es Salaam tuko wengi, wana shida ya ziada. Sabuni ya mche haitoi povu vizuri humo. Hugandana na madini ya maji na kuacha utando wa kijivu, nepi inakuwa ngumu kama gamba na haifyonzi. Wao nawashauri sabuni ya unga kidogo isiyo na manukato makali, na suuzo la mwisho lifanywe kwa maji ya bomba au ya mvua kama yanapatikana. Dawa ya kulainisha nguo usiitie kamwe: inapaka nyuzi za pamba kitu kama mafuta, mkojo unateleza juu yake.

Na jiki? Kwa nepi za kila siku haihitajiki. Ikiwa mtoto ameharisha, tumia kwa kipimo cha kwenye chupa baada ya kufua, kisha suuza mpaka harufu ipotee. Usiimimine juu ya nepi zilizojaa mkojo, hasa ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha. Ikikutana na amonia hutoa hewa inayokaba kifua. Hata kuichanganya na siki au dawa nyingine ya chooni ni hatari vilevile. Nepi za pamba tupu zinaweza kuchemshwa kwenye sufuria kwa dakika 10 hadi 15 mara moja kwa wiki, njia ya kizamani na bado nzuri.

Kisha jua. Jua la saa sita linakausha, linapausha madoa ya njano bila dawa, na linaua vijidudu bure. Anika kwenye kamba, nepi imekunjuliwa yote. Usitandaze kwenye nyasi wala kwenye mchanga au ua wa miti. Kuna nzi, maarufu katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kati, anayetaga mayai kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo na kwenye nguo zenye unyevu. Mayai yakiangua, funza huingia kwenye ngozi na kuota kama jipu lenye tundu dogo katikati. Pasi ya moto pande zote mbili, na hasa kwenye mishono, huyamaliza. Wakati wa masika, nepi zinapokaukia ndani au barazani, pasi si anasa tena. Kazi hiyo, kwa njia, haimhitaji mama aliyejifungua juzi. Baba anaweza kupiga pasi nepi ishirini huku anasikiliza mpira.

Upele ukishatokea, badilisha nepi kila baada ya saa mbili na kila baada ya choo, safisha kwa maji ya vuguvugu na pamba au kitambaa laini, mtoto wa kike ukipangusa kutoka mbele kwenda nyuma. Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Mwache bila nepi kwa muda mchana, alazwe juu ya khanga iliyokunjwa. Paka mafuta mazito ya kukinga, ya zinki au ya mgando. Poda iache: inagandamana kwenye mikunjo, na vumbi lake mtoto analivuta.

Ikipita siku tatu bila nafuu, au wekundu ukiwa umeiva kama nyama, umeingia hadi kwenye mikunjo ya mapaja na una vidoa vidogo vimetawanyika pembeni, mara nyingi hiyo ni fangasi. Mtazame na mdomoni kama ana utando mweupe. Anahitaji dawa ya fangasi kutoka kwa mtoa huduma, na nepi zake zichemshwe. Ninachoomba sana ni kutonunua tu zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi ambazo jirani alizitumia zikamsaidia. Zinatuliza wekundu siku mbili huku fangasi inanenepa chini yake, na chini ya nepi ngozi hunyonya dawa nyingi kuliko kawaida. Malengelenge yenye usaha, au joto la mwili la 37.5 na kuendelea kwa mtoto mchanga, ni safari ya kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Limebaki jambo moja, nalo linawahusu akina bibi wanaotunza nepi za mjukuu wa kwanza kwa ajili ya wa pili. Msizihifadhi na vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuzia nondo na mende, naftalini. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali isiyo ngeni kabisa kwa watu wa maeneo yenye malaria, pwani yetu ikiwemo. Mtoto wa namna hiyo akivaa au akivuta hewa ya nguo zilizokaa na naftalini, chembe zake nyekundu za damu hupasuka, macho na ngozi vinageuka njano, na umanjano ukizidi unaweza kuharibu ubongo. Kwa kumtazama huwezi kujua nani anao upungufu huo. Hifadhini nepi zikiwa zimekauka kabisa, kwenye ndoo safi yenye mfuniko au mfuko uliofungwa vizuri. Zilizokwisha kukaa na vidonge hivyo, zifueni na kuzianika juani siku kadhaa. Harufu ikibaki hata kwa mbali, zikatumike kudekia.