Setilaiti haioni kila moshi wa Arabuko-Sokoke

Hapa Malindi, labda kwa sababu ya kituo cha anga cha Ngomeni, wengi tumekua tukiamini kwamba msitu wetu wa Arabuko-Sokoke ukishika moto kuna mtu anauona papo hapo kwenye skrini. Sivyo. Setilaiti zenye kifaa cha VIIRS hupita juu yetu mara mbili tu kwa siku kila moja, yapata saa saba na nusu mchana na usiku. Zinanasa joto, kila nukta ya picha ikiwa na upana wa mita 375 ardhini, na wingu zito likitanda hazioni kitu. Meteosat, setilaiti ya hali ya hewa ya Ulaya, hutazama Afrika kila baada ya dakika 10 hadi 15, lakini iko kilomita 36,000 juu; moto mdogo haiuoni.

Kwa hiyo tanuri la mkaa lililoachwa likifuka saa kumi jioni, anayeliona kwanza ni mchunga mbuzi au askari wa misitu aliye doria. Simu hupigwa. Kisha ni miguu, panga, majembe na matawi mabichi: majani hufyekwa mkanda mrefu mbele ya moto, udongo ubaki mtupu, ukifika ukose cha kula. Ndege ya kumwaga maji mnayoiona kwenye video za Marekani msiingoje.