Mambo ambayo watu wanakosea kuhusu sisi tuliojifundisha kupiga picha wenyewe, naongea nikiwa Dodoma

Nimepiga picha hapa Dodoma miaka tisa sasa na sijakanyaga chuo chochote cha picha, nilianza na kamera ya Canon 1100D ya mtumba, laki tatu na nusu, niliuziwa na kaka mmoja aliyekuwa anahamia Mwanza, lenzi ni ile ile ya 18-55 inayokuja na boksi na begi zipu imekufa. Kila wiki kuna kijana ananitumia meseji anataka kuanza, na kila meseji imebeba maneno yale yale niliyokuwa nayaamini mimi, mengine yalinichelewesha miaka miwili mizima. Nayaandika hapa kama yanavyosemwa mtaani halafu nasema nilichokuja kukiona.

"Kamera yangu ni ndogo ndo maana picha hazitoki"

Ile 1100D ina megapikseli 12 tu. Picha yake ni pikseli 4272 kwa 2848, ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi unapata karatasi ya inchi 14 kwa 9 na nusu, hiyo ni zaidi ya A4 na hujaivuta hata kidogo. Na picha karibu zote nilizouza mwaka wa kwanza ziliishia kwenye albamu ama WhatsApp. Kwa hiyo tatizo langu halikuwa hapo kabisa.

Tatizo nililijua kwenye harusi moja Area C. Saa saba mchana, tumetoka kanisani, bibi harusi ni mweusi wa kung'aa, shela jeupe, nyuma yake ukuta mweupe, nikapiga kama picha mia mbili nikijua nimemaliza kazi. Nilipompelekea mama yake laptop aziangalie akakaa kimya kwa muda, akaniambia taratibu, "Mwanangu, mbona macho ya dada yako siyaoni?" Na kweli hayakuwepo. Uso mzima umezama, shela limekuwa la kijivu.

Nilikaa na hilo swali wiki nzima mpaka nikaelewa kamera inafanya nini. Kipimo chake cha mwanga hakijui kama kinaangalia shela au uso wa mtu, chenyewe kinachukulia kwamba ukichanganya vyote vilivyo mbele yake unapata kijivu cha kati, sasa ukiijaza nyeupe inashusha mwanga mpaka ile nyeupe iwe kijivu, na mtu mweusi aliyesimama katikati ndo anaumia. Dawa yake haikuhitaji hela. Unapima mwanga usoni kwa mtu, au unapandisha mwanga hatua moja mwenyewe, unapiga RAW, yaani faili ghafi la kamera linalokuachia nafasi ya kurekebisha mwanga baadae, ili shela lisiungue moja kwa moja, na kama inawezekana unamtoa juani unamweka chini ya mwarobaini akitazama upande wa wazi. Sisi watu weusi ndo wateja wetu, harusi zetu ni nyeupe na jua letu ni kali, hili ni somo la kwanza kabisa kwa mpiga picha wa hapa ila sikuona mtu akilianza nalo.

"Mchana wa Dodoma haupigiki"

Hapa kuna ukweli wa nusu. Dodoma ipo nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba hivi, jua la mchana linakaa utosini kabisa na macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Ila yule anayekwambia subiri mwanga wa dhahabu wa jioni hajakwambia kwamba huku kwetu jua linashuka karibu wima, ukishaanza kuuona ule mwanga mzuri una kama dakika 25 limezama, na wateja hawaolewi kwa dakika 25. Mahafali ni saa sita, kipaimara saa tano, viongozi wanakata utepe saa saba. Nilijifunza kutafuta baraza, mlango ulio wazi, ukuta wa jirani unaorudisha mwanga. Hata ardhi inasaidia, simamisha mtu kwenye kivuli pembeni ya udongo mwekundu uliopigwa na jua uone kidevu chake kinavyopata joto, ila angalia rangi wakati wa kuedit maana wekundu unaweza kuzidi.

"Umejifundisha mwenyewe, kwa hiyo hukufundishwa na mtu"

Hapana jamani. Nilifundishwa na watu wengi sana, sema hakuna aliyenipa cheti. Kulikuwa na mzee mmoja wa studio kule Majengo, kazi yake kubwa siku hizi ni pasipoti saizi, lakini miaka ya filamu alikuwa anapiga harusi nzima kwa roli mbili. Nilipomwonyesha picha zangu mia nane za sendofu moja akanirudishia kamera akasema nenda sokoni, piga 36 tu kama roli moja ya filamu, ukirudi na 37 usinionyeshe. Nilifanya hivyo miezi mitatu kila Jumamosi, na ndo hapo nilipoanza kuona kabla ya kubonyeza. Baadae nikasoma kuhusu mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali, naye hakusoma picha popote, kamera ya kwanza aliletewa na mjomba wake mwaka 1935, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu. Mohamed Amin naye, mpiga picha wa habari wa Kenya aliyepeleka kwa dunia picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alianza na kamera ya boksi akiwa mtoto Dar es Salaam na kampuni yake aliifungua hapo hapo Dar mwaka 1963. Ukifuatilia watu kama hawa unakuta nyuma yao kuna mjomba, kuna mzee wa studio, kuna wateja wanaosema ukweli.

"Dodoma hakuna cha kupiga, ili ukue lazima usafiri mbali"

Hii ndo iliyonilia hela na muda, na ndo naomba msome taratibu.

Mwaka wangu wa tatu nilikusanya akiba yote nikaenda kaskazini kwenye mbuga, siku nne, nikarudi na tembo na machweo. Ni picha safi, sina ubaya nazo, ila hakuna hata moja ambayo mtu mwingine hana, na hakuna mteja aliyewahi kuniita kwa sababu yake. Mwaka uliofuata sikuwa na hela ya kwenda popote kwa hiyo nikapanda basi la Kondoa, siku hizi ni lami mpaka Babati, nikashuka Kolo kwenda kuangalia michoro ya miambani. Eneo hilo lipo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, miamba yenye michoro inazidi 150, na kuna watu wamezaliwa Dodoma mjini hawajawahi kufika.

Nilifika saa sita, nikawasha flashi, nikapiga. Michoro imefifia, ni watu wembamba warefu wenye vichwa vikubwa, wekundu kama damu iliyokauka, na kwenye skrini yangu nikaona jiwe tu limeng'aa. Nikamwambia mwongozaji, kaka si tumwagie maji kidogo rangi ikolee? Alinishika mkono wenye chupa. Akasema watu walifanya hivyo miaka mingi, na kila mara maji yakikauka yanaondoka na kitu, halafu yanaacha chumvi juu ya mwamba. Akaniambia kaa chini kwanza, macho yazoee. Tulikaa kama nusu saa pale chini ya mwamba hatuongei, na kweli nikaanza kuona mguu, halafu mnyama, halafu mtu wa pili nyuma ya yule wa kwanza ambaye sikuwa nimemwona kabisa.

Nilirudi Kolo mara nne baada ya hapo. Bila flashi, kamera juu ya tripodi, shata wazi sekunde mbili, siku ya mawingu ambayo mwanga unaingia laini chini ya mwamba. Picha zilizonipa kazi yangu ya kwanza ya maana zilitoka safari ya nne, kilomita 180 hivi kutoka kitandani kwangu.

Hapo ndo nilielewa kwamba kinachokukuza ni kurudi. Nilifanya hivyo hivyo Mpunguzi kwa mkulima mmoja wa zabibu, mzabibu wa huku unavunwa mara mbili kwa mwaka kwa hiyo ukimfuata mkulima kuanzia siku ya kupogoa haichukui muda mrefu kuona mzunguko mzima. Safari ya kwanza alisimama mbele yangu kama anapigwa picha ya kitambulisho. Ya pili nilimletea ile picha imechapwa, akaiweka ndani, akaniitia mke wake. Ya tatu alikuwa anapuliza salfa, dawa ya ukungu wa mizabibu, na wala hakugeuka kuniangalia, unga wa njano umekaa kwenye kope zake na kwenye mikunjo ya shingo, akapepesa macho mara moja, nikabonyeza. Hiyo picha nisingeipata kwa lenzi yoyote siku ya kwanza. Na kingine, jifunze salamu, ukifika kijijini ukasema mbukwenyi, salamu ya Kigogo, kabla hujafungua begi hata mapokezi yanakuwa mengine.

"Frilansa hana bosi"

Sisi ni madeiwaka, tuseme hivyo hivyo. Mabosi wapo wengi: bibi harusi, kamati, emsii anayekuzibia, afisa wa shirika anayetaka picha usiku huo huo wakati bando limekata. Kuna taasisi moja niliwapigia mkutano wa siku tatu, wakanizungusha malipo miezi sita, na mimi sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha tulikubaliana nini. Niliuza lenzi kulipa kodi ya chumba. Tangu hapo sitoki nyumbani bila nusu ya hela mkononi na makubaliano ya ukurasa mmoja: siku ngapi, picha ngapi, zinatoka lini, nusu iliyobaki inalipwa lini. Na mjue kampuni ikikulipa kwa huduma inakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, dai cheti chake, na iweke kwenye bei toka mwanzo ili usije ukashtuka.

Kazi ya laki moja ukitoa boda, chakula, msaidizi, siku mbili za kuedit na kamera inavyochakaa, inabaki elfu arobaini. Ijue hiyo namba kabla hujasema ndiyo.

"Piga bure tutakutangaza"

Nimepiga bure mara nyingi, kwa msiba, kwa watoto wa kituo cha yatima, kwa rafiki asiye na uwezo, na nitaendelea. Ila mwenye ukumbi wa mapambo ya milioni sita ambaye amemlipa hadi mpulizaji wa maputo, akikosa hela ya picha ujue hakuona kama picha ni kazi. Wateja aliokuahidi nao watataka bure.

"Treni imetuua, wa Dar wanatuchukulia kazi"

Tangu SGR ifike Dodoma Julai 2024 kweli wanakuja asubuhi wanarudi usiku. Lakini na sisi tunaenda, na wateja wa Dar wanaotaka mtu anayejua njia ya Mpwapwa au Kwa Mtoro wanatupigia sisi.

"Yupo barabarani, huna haja ya kumuuliza"

Picha uliyopiga ni kazi yako, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu inapotengenezwa hata kama hujaisajili, ndo maana mteja akitaka aitumie kwenye bango la biashara muandikishane. Lakini sura iliyomo ndani ni ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na uso unaotambulika ni taarifa binafsi ya mwenye uso. Ukitaka kuuza picha ya mama muuza karanga kwa kampuni ya simu, mama huyo aambiwe kwa lugha anayoielewa itaenda wapi na atapata nini, akikataa basi. Niliwahi kuiona sura ya mtu ninayemfahamu kwenye kalenda ukutani benki, mwenyewe hajui mpaka leo, na iliniuma kweli.

Mimi nimejiwekea utaratibu wa mnada wa Msalato. Kila Jumamosi nikienda nabeba bahasha ya picha za Jumamosi zilizopita, saizi ya sita kwa nne, nazigawa kwanza kabla ya kutoa kamera. Wiki hii zipo kumi na nne, mbili ni za babu mchunga mbuzi ambaye sijamkuta mara mbili mfululizo, nimewaachia vijana wa kuchoma nyama namba yangu wanipigie akitokea.