Bugio Anaponguruma Alfajiri, na Anaponyamaza

Kila msimu wa homa ya manjano nchini Brazili, ambao hushika kasi kati ya Desemba na Mei, kitengo chetu hupokea simu nyingi kutoka kwa wakazi wa kandokando ya Msitu wa Atlantiki: wengine wanataka bugio, kima wa msituni wanaonguruma, wahamishwe kwa sababu ya kelele za alfajiri, wengine wanadai kelele hizo ni za mnyama mgonjwa. Si za mgonjwa.

Bugio wa kahawia ni kima ambaye mfupa wake wa hayoidi, ulio chini ya ulimi, umetanuka na kuwa na uvungu kama kibuyu. Dume huanza kwa mikoromo mifupi, kisha mikoromo hiyo hushikana ikawa mngurumo mzito unaosikika zaidi ya kilomita moja, na majike huitikia. Kwa sauti hiyo kundi hulijulisha kundi jirani mahali lilipo, yakaepukana bila kupigana.

Tumelieleza hili mara nyingi, na inasikitisha kulirudia: bugio hamwambukizi binadamu homa ya manjano. Virusi husambazwa na mbu wa msituni, Haemagogus na Sabethes, na bugio mwenyewe hufa kwa wingi anapoumwa nao. Hata hivyo, katika mlipuko wa 2016 hadi 2018 kima walipigwa na kutiliwa sumu. Oktoba 2017, bugio aliyekutwa amekufa kwa homa hiyo katika bustani ya Horto Florestal, São Paulo, ndiye aliyetoa onyo lililofanya bustani ifungwe na wakazi wa jirani wachanjwe.

Chini ya Sheria Na. 9.605 ya 1998, anayeua mnyamapori bila kibali huadhibiwa kifungo cha miezi 6 hadi mwaka 1 pamoja na faini, na adhabu huongezwa kwa nusu iwapo spishi iko hatarini. Amri Na. 6.514 ya 2008 huweka faini ya kiutawala ya reali 500 kwa kila mnyama, au 5,000 kwa aliye katika orodha ya walio hatarini.

Ukimya peke yake si ushahidi wa ugonjwa, ila msitu uliozoea mngurumo ukinyamaza kwa siku kadhaa, toa taarifa. Ukikuta mzoga, usiuguse, wazuie mbwa, na uijulishe idara ya afya ya manispaa siku hiyohiyo, kwa kuwa ini, ambalo huchukuliwa sampuli ya kupima virusi, huoza upesi na sampuli iliyooza haifai kupimwa. Eleza pia ni lini ulisikia mngurumo mara ya mwisho, na ulitokea upande gani wa msitu.